Walivyoichukua Ile ya Sabuni

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba tulikuwa tunaukosea ule wimbo, damu inanichemka. Nimeshaambiwa na madereva, na walimu, na shemeji yangu ambaye hajawahi kushika hata filimbi. Wanacheka kwanza, halafu wananielewesha taratibu kama mtoto: "Ule wimbo wa wazungu ni wa haraka bwana, nyie mlikuwa mnauburuza." Ndiyo, tulikuwa tunauburuza. Naandika hapa jinsi tulivyoanza kuuburuza na jinsi ulivyochukuliwa, kwa sababu kwa mdomo sijawahi kufika mwisho wa habari hii. Nikianza kuongea hasira inanipanda, maneno yanakwama, na mwenye ulimi mwepesi ananipokonya.

Bendi yetu ilikuwa ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Watu waliiita jazi, kama walivyoziita bendi zote za dansi, hata zile ambazo hazikuwa na tarumbeta hata moja. Magitaa, dramu, spika na saksafoni, vyote vilikuwa mali ya kiwanda. Sisi wapigaji tuliandikwa kazini kama wasukuma marobota. Asubuhi tunasukuma pamba, jioni tunafanya mazoezi ndani ya ghala hilohilo la pamba, tukiwa na nyuzinyuzi nyeupe kwenye nywele na kwenye pua.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa saksafoni. Alikuwa mpole na mkaidi kwa pamoja. Miaka ile hakukuwa na kitu madukani, na ulimi wa saksafoni, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, ulikuwa haupatikani hata Mwanza. Basi alikuwa akienda ziwani kukata matete, anayaanika, anayachonga kwa wembe mpaka yanalia. Saksafoni yake ilikuwa na sauti ya kukwaruza ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Sisi wa magitaa tulitumia waya za breki za baiskeli. Tunazifumua, tunachukua uzi mmoja mmoja, tunaufunga kwenye gitaa.

Mimi nilipiga ridhim, lile gitaa la pili ambalo kazi yake ni kushikilia wimbo usianguke wakati wengine wanatamba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Kibara, sikuchaguliwa kuendelea, nikaja Bunda kwa mjomba. Nilikuwa na aibu ya kupita kiasi. Nilipiga nikiwa nimegeukia spika, watu wakaniona mgongo tu. Meneja wa kiwanda, ambaye alikuwa anakuja kututazama kama anavyotazama mashine, alilalamika. Kiongozi akamjibu, "Mwache, Ndugu Meneja. Mradi mkono wake unaangalia watu."

Aliyekuwa rafiki yangu ni mwimbaji wetu wa vijana, Mkurya kutoka upande wa Tarime, kifua kipana, sauti nene kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Yeye alikuwa anaongea kwa niaba ya wawili. Mtu akiniuliza jambo, yeye anajibu. "Huyu Mjita," aliwaambia watu, "mdomo wake walishausahau kwenye furu, visamaki vyao vya ziwani." Nami nilikuwa nacheka tu.

Sasa kulikuwa na desturi moja ambayo bendi zote zilikuwa nayo. Jumapili mchana kunapigwa bugi, dansi la jua bado liko juu, na saa ya kwanza ya bugi ni ya vijana. Wakubwa wa bendi bado wanakula na kupumzika, vijana wanapanda jukwaani wanapiga kopi, yaani nyimbo za wazungu, za roki, ili wanafunzi na wasichana wachangamke. Wakubwa wakipanda ndipo muziki wenyewe unaanza. Hiyo saa ya kwanza hakuna aliyeihesabu kama muziki. Ndiyo maana hakuna aliyetuchunga.

Nyimbo hizo tulizipata kwa fundi mmoja mzungu aliyekuja kufunga mashine kiwandani. Alipoondoka alimwachia mwimbaji redio kaseti yake na kaseti tano au sita. Maandishi yake yalikuwa ya kalamu na yalishafutika kwa jasho. Hatukujua jina la wimbo wowote wala la mzungu aliyeuimba, ila mmoja ndio uliotukaa, na ndio huu ninaousimulia. Redio yenyewe ilikuwa nzuri, ila pale pa kuchomekea waya wa umeme paliungua na kuyeyuka. Ilikula betri tu.

Na betri zilikuwa hazipo. Wanaokumbuka wanajua. Mtu akipata betri mpya ilikuwa ni habari ya mtaa mzima. Sisi tulikuwa na seti moja ya betri ambazo tulizianika juu ya bati la ghala kila siku kama dagaa. Jua likizipasha zinapata nguvu kidogo, tunaziingiza haraka, tunasikiliza kipande cha wimbo, zinachoka, tunazirudisha juu ya bati. Hivyo ndivyo tulivyojifunza roki.

Msomaji ameshaelewa. Betri zikichoka, kaseti inazunguka polepole. Wimbo unakuwa mzito na mrefu, na sauti inashuka chini. Sisi hatukujua. Tungejuaje? Redioni nyimbo za namna ile zilikuwa hazipigwi. Mtu aliyekuwa amewahi kuusikia wimbo huo Mwanza au Nairobi alikuwa anausikia kwetu na kudhani ni mwingine. Sisi tulikuwa na hiyo redio tu, na redio ilituambia kwamba mzungu huyu ni mzee, mnene, ana huzuni, anaimba kama mtu anayebeba gunia kupanda mlima.

Tukampenda. Mwimbaji alimwiga mpaka kifua kikatetemeka. Mimi nililegeza nyuzi zangu zote ili zishuke zilingane na kaseti, zikawa laini, zinaning'inia, ukizigusa zinaguna. Kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi kubwa sana. Nafasi hiyo ilinisumbua. Mzungu alikuwa ameiacha wazi, nami sikupenda kuiacha.

"Tia litungu hapo," mwimbaji aliniambia siku moja.

"Litungu silijui."

"Ndiyo, utalijulia wapi wewe mla furu? Sikiliza." Akaanza kunihesabia kwa mdomo na kwa kupiga goti, vile babu yake alivyokuwa akipiga litungu, nyuzi nane, kwenye pombe ya mavuno. Mkono mmoja unakwenda mbele, mwingine unaufuata kwa kuchechemea. Nilikaa na mkono huo wa kuchechemea wiki kadhaa. Siku uliponiingia, kiongozi alikuwa amelala kwenye pamba pembeni, kofia usoni. Aliondoa kofia. Akachukua saksafoni, akaingia juu yetu na yale matete yake yanayokwaruza, na wimbo ukasimama. Tangu siku hiyo, saa ya vijana naye alikuwa anapanda jukwaani. Wakubwa wenzake walimcheka. Hakujali.

Maneno hatukuwa nayo. Mwimbaji alikuwa anatoa sauti tu, kizungu cha kubahatisha. Ndipo nikampa maneno kwa Kijita. Yalimhusu mama yangu. Alikwenda kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika Kibara tangu alfajiri, na sabuni ikaisha watu watatu kabla yake, akarudi akafua shati langu la shule kwa majani ya mpapai mpaka likawa na rangi ya chura. Hayo tu. Sikutaka kuchekesha wala kulalamika. Mwimbaji hakujua Kijita, nilimfundisha neno baada ya neno, na kwa sababu alikuwa haelewi alikuwa anayaimba kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayevuka mto akiwa na mayai.

Tulipiga mara ya kwanza Butiama, bugi ya baada ya mauzo ya pamba. Lugha ya pale na yetu zinaelewana. Mwimbaji alipofika kwenye majani ya mpapai, mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni alipiga ukelele, "Eh! Na mimi!" Wanawake wakaingia. Hawakuwa watu wa bugi, walikuwa wametoka shamba, majembe waliyaegemeza ukutani. Walicheza polepole sana, mabega tu. Tulipomaliza wakasema rudieni. Tukarudia. Wakubwa wa bendi walipokuja kupanda jukwaani walikuta watu wanawaambia wangojee kwanza.

Tangu hapo kila tulipokwenda, Bunda, Kiriba, Musoma, watu hawakuuliza jina. Walisema, "Pigeni ile ya sabuni." Hata mama yangu aliusikia, na akaniita. Nilidhani atafurahi. Alisema, "Kwa hiyo wewe unazunguka mkoa mzima ukiwaambia watu kwamba mimi sina sabuni?" Hakuongea nami mpaka Pasaka.

Halafu ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Sabuni zikaja, zenye harufu ya maua, zimefungwa karatasi. Betri zikaja, nguo za mitumba zikaja, redio kubwa zenye spika mbili zikaja. Sisemi ilikuwa mbaya. Mama alipata sabuni. Lakini kiwandani watu walianza kutembea wakinong'ona, na meneja, ambaye tulikuwa tunamwita Ndugu Meneja, sasa alitaka aitwe bosi. Alitukusanya ghalani akatuambia kwamba kiwanda kinajiandaa kwa biashara, na biashara haifugi bendi. Ila alikuwa amepata ukumbi mmoja Musoma, mtaa wa Kamunyonge, mwenyewe anatafuta watu wa kupiga kila Jumapili. Mwenye ukumbi atasikiliza bendi yetu na disko moja kutoka Mwanza, siku moja, mchana mmoja. "Mkipata ukumbi huo, mnabaki," alisema. "Mkiukosa, vyombo vinauzwa, na nyie mnarudi kwenye marobota kama marobota bado yapo."

Ndiyo hali ilivyokuwa. Sikuwa na kitu kingine duniani. Samaki nilishindwa, shule ilinishinda, kuongea na watu nilikuwa siwezi. Nilikuwa na ule mkono wa kuchechemea, na mahali pa kuupigia.

Musoma tulifika kwa lori la kiwanda, tumekaa juu ya spika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenye disko alikuwa kijana wa umri wetu tu, miwani ya jua ndani ya nyumba, shati limefunguliwa vifungo. Alikuwa ameshapanga maspika yake, meusi, makubwa kuliko kabati la mjomba. Alitusalimia vizuri sana. Aliuliza tunapiga nyimbo gani, na mwimbaji wetu, kwa kujitapa kwake, akamwimbia kidogo ile ya sabuni. Yule kijana aliinamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akatabasamu. Nililiona lile tabasamu na sikulielewa.

Yeye ndiye aliyeanza. Alipiga nyimbo zake watu wakachangamka. Kisha akashika maikrofoni.

"Wana Musoma! Kuna wimbo hapa jamaa wa Bunda wanaupigaga wakiwa wamelala. Mnaujua, ile ya sabuni! Leo mimi nimewaletea wenyewe ukiwa macho!"

Akabonyeza.

Sikuutambua mwanzoni. Ulikuwa unakimbia. Magitaa yalikuwa yanakata kama mashine za kiwandani. Halafu nikalisikia lile zunguko la sauti tulilolijua, dogo, jembamba, limebanwa, na yule mzungu akaingia, na hakuwa mzee wala mnene. Alikuwa kijana mwenye sauti ya juu, anapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mwimbaji wetu alinishika mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni yeye."

"Yule baba?"

"Ndiyo huyo."

Sijawahi kuona mtu mkubwa kiasi kile akiwa mdogo kiasi kile. Miaka yote alikuwa amemwiga mzee ambaye hakuwepo.

Ukumbi ulikuwa unaruka na kucheka kwa pamoja. "Kumbe Bunda walikuwa na malaria!" mmoja alipaza sauti. Mwingine akaanza kucheza kwa kujivuta, ulimi nje, mikono inaburuza, kutuigiza sisi, na waliomzunguka wakashika mbavu. Miongoni mwao niliwaona watu niliowajua, watu wa Kamunyonge waliokuwa wakitufuata mpaka Butiama kwa baiskeli kuisikiliza ile ya sabuni. Hao ndio walionikera. Mwenye disko alikuwa anatafuta riziki yake. Lakini nyie mlilia na wimbo huo. Mlishika mabega ya wake zenu. Na sasa, kwa kuwa mmeonyeshwa kwamba mzungu anaufanya vingine, mnayacheka machozi yenu wenyewe na kutusingizia sisi.

Zamu yetu ilipofika kiongozi alitugeukia. Uso ulikuwa wa majivu.

"Tunaupiga haraka. Kama ule."

"Mzee," nikasema, "nyuzi zimelegezwa."

"Kaza."

"Zitakatika."

"Kijana, wewe umepata mdomo leo? Kaza!"

Nilikaza. Waya wa breki ukishalegea miaka miwili haukubali kukazwa kwa dakika mbili. Tulianza haraka na vyombo vikakataa. Nyuzi zilikuwa zinagonga mbao kama mvua kwenye bati. Mwimbaji alijaribu kupandisha sauti, ikapasuka. Saksafoni ilikwama, matete hayakuchongwa kwa mbio, yalitoa mlio mmoja wa bata. Waliokuwa wanacheka sasa walikaa chini kwa kucheka. Uzi wangu wa pili ukakatika ukanichapa shavuni.

Hapo ndipo nilipoacha kupiga. Nilisimama tu, damu inashuka, nimegeukia spika kama kawaida. Kisha nikageuka. Sikupanga. Niliwatazama watu wa Kamunyonge kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwapigia, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba aibu ilikosa pa kukaa. Nikalegeza zile nyuzi zilizobaki, pale pale, mbele yao, bila haraka, huku wanapiga miluzi. Nikaanza mkono wa litungu, peke yangu, polepole kuliko tulivyowahi kuupiga. Kama mnataka kulala, basi laleni.

Mwimbaji alinitazama. Akaingia, chini kabisa, kwenye pipa lake. Kiongozi aliingia mwisho.

Tuliupiga mpaka mwisho. Sitaki kusema uongo kwamba ukumbi wote ulinyamaza. Nusu waliendelea kupiga miluzi, wengine walitoka nje kununua mishikaki. Lakini akina mama waliokuwa wanauza dagaa pale barazani waliingia, wakasimama ukutani, na mmoja alikuwa anaimba maneno ya mpapai vizuri kuliko mwimbaji wetu alivyoyajua. Nilisikia mkono wangu ukiwa sawa. Ulikuwa sawa kabisa. Kama kuna mtu anajua sawa ni nini, aje anionyeshe tulipokosea siku ile.

Mwenye ukumbi alitupa jibu lake palepale jukwaani, tukiwa bado tunakunja waya. Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa kuona haya kidogo. "Ndugu zangu, mmepiga vizuri ile ya mwisho. Lakini disko halili, halilali, halilewi, halina wake. Ni kijana mmoja na masanduku yake. Mnanielewa."

Tulimwelewa. Tulipakia vyombo kwenye lori. Na wakati tunapakia, yule mwenye disko akaja. Alikuwa amevua miwani. Akatupa pole. Akamsifu mwimbaji, akamsifu mzee, akaniangalia mimi na kipande cha karatasi nilichobandika shavuni akasema, "Na wewe kaka, ule mkono, mh!" Halafu akaeleza shida yake. Wale akina mama na wasichana wengi walikuwa wamemfuata kumwomba ile ya mwisho, ya polepole. Yeye hana. "Nirekodieni kaseti moja," alisema. "Ikifika saa ya watu kushikana naiweka hiyo. Mtasikika Musoma nzima, Mwanza mpaka Geita."

Meneja alikuwa amesimama karibu. "Watarekodi," akasema.

"Wimbo huo ni wetu," nilisema mimi. Kila mtu akageuka, kwa kuwa mimi sikuwa mtu wa kusema.

Meneja hakukasirika hata kidogo. Alinieleza vizuri. "Vyombo ni vya kiwanda. Muda ni wa kiwanda, mlikuwa mnafanya mazoezi kwenye ghala la kiwanda. Wimbo wenyewe mmechukua kwa wazungu. Sasa cha kwenu hapo ni kipi, kijana?"

Nimekuwa nikimjibu tangu siku ile. Nikiwa shambani namjibu, nikiwa nakula namjibu. Siku ile niliondoka nikakaa kwenye lori.

Walirekodi Bunda, ghalani, mchana wa katikati ya wiki. Mwenye disko alikuja mwenyewe na mtambo wake na betri mpya za akiba ingawa umeme ulikuwepo. Mimi nilikuwa nje nasukuma robota. Kiongozi alitoka akasimama mbele ya robota langu ili nisipite.

"Mwanangu, ingia. Ridhim haipo."

"Sipigi, mzee."

"Bendi inakufa hata ukikataa. Angalau wimbo ubaki."

"Ubaki kwa nani?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa akijaribu kweli. "Ubaki tu," alisema. "Mimi nina umri huu. Sijawahi kusikika mahali ambapo sipo."

Nilizungusha robota nikampita pembeni. Sikumwelewa, na leo namwelewa lakini sikubaliani naye. Mtu anayetaka kusikika mahali asipokuwepo ameshakubali kuondoka.

Baada yake akaja mwimbaji. Yeye hakubembeleza. "Mjita, unanifanyia hivi mimi? Litungu nilikupa mimi."

"Na maneno nilikupa mimi. Si unayo? Nenda ukaimbe."

"Kwa hiyo unakataa."

"Nakataa."

"Basi kaa na samaki zako." Hakukuwa na utani ndani ya neno lile. Akarudi ndani. Nilisikia wakianza, wakasimama, wakaanza tena. Nilisukuma robota mpaka mwisho wa jukwaa la kupakilia, nikalirudisha, ili magurudumu yapige kelele.

Bendi ilivunjwa kabla ya msimu uliofuata. Vyombo vilipakiwa kwenye lori tukiwa kazini, na hakuna aliyetuambia vinakwenda wapi. Mwimbaji alikwenda machimboni. Kiongozi alirudi kwao, nikasikia anapiga kanisani. Mimi nilirudi Kibara, nikalima pamba, bei ikawa ile mnayoijua.

Kaseti nilikutana nayo Butiama, kwenye harusi ya binti wa mjomba. Ilikuwa mchana, turubai limefungwa kwenye miti, na kijana mmoja wa kukodishwa alikuwa na spika zake anaweka nyimbo. Tumeketi kwenye benchi tunangojea pilau, na saksafoni ile ikaanza kukwaruza.

Niliitambua kabla haijamaliza kuvuta pumzi. Mwimbaji akaingia, mzito, mzuri sana, Mungu ampe afya popote alipo. Nilingoja. Nilijua ni mahali gani. Pigo likaja, likaondoka, na kati yake na pigo lililofuata hapakuwa na kitu. Ile nafasi aliyoiacha mzungu ilikuwa imerudi, wazi kabisa. Mpiga besi alijaribu kuiziba mara moja akakosea, akaacha. Wimbo mzima ulikwenda hivyo, na tundu ndani yake la ukubwa wangu.

Na watu walikuwa wanacheza. Bibi harusi na mumewe, wajomba, wanawake kama yule wa mlangoni siku ile. Walicheza kama wapigaji wote wapo. Hakuna hata mmoja aliyejikwaa kwenye lile tundu.

"Si ndiyo ile yenu?" shemeji yangu aliniuliza kwa sauti kubwa ili wengine wasikie. "Kumbe mlirekodi! Hapa kidogo mmeiweka vizuri, haina vurugu."

"Siyo yetu," nikasema.

"Acha hizo. Ile ya sabuni naijua."

Niliinuka nikamwendea yule kijana wa spika. Nikamwambia azime.

"Kwa nini, anko?"

"Zima."

Aliangalia watu wanaocheza, akaniangalia mimi, mtu wa kijijini mwenye shati la mitumba. "Anko, hii ndiyo wanaipendaga," akasema kwa upole, akageuza kitufe, sauti ikapanda.

Nilirudi nikakaa. Pilau ilikuja na sikuigusa. Mwimbaji alikuwa amefika kwenye majani ya mpapai, na mama yangu, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, alikuwa upande wa wanawake akitikisa kichwa kwa kuufuata wimbo. Nilipotazama chini niliona vidole vyangu vya mkono wa kushoto vinashika kodi za gitaa juu ya goti, kimoja baada ya kingine, na mkono wa kulia unachechemea pembeni ya sahani. Vilikuwa vinawazibia lile tundu, mbele ya kila mtu, bila kuniuliza. Nikaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja nikaikalia, mpaka wimbo ulipokwisha.